UZI: Karafuu, kitunguu saumu na mchaichai vinaua fangasi kweli. Lakini vinawaua kwa kuwashika wapi?

Mpimaji wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Baridi ya huku Uyole leo haisemeki, nimejifunika blanketi na jiko la mkaa liko mlangoni. Nimeona niandike hili kabla halijapoa, maana limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita.

Mdogo wangu wa kike yuko Kiwira, ana mtoto wa miezi miwili. Mtoto akaota utando mweupe mdomoni, ule unaodhani ni maziwa, ukiufuta hautoki, ukilazimisha panabaki pekundu. Jirani akamwambia mafuta ya karafuu ndiyo kiboko ya fangasi. Akanunua kichupa sokoni, akadondosha tone kwenye pamba, akampaka mtoto ulimini. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nilipofika kesho yake asubuhi ulimi ulikuwa umechubuka, mdomo wa chini umevimba, ziwa hataki kuliona. Tulimkimbiza zahanati, akaandikiwa matone ya nistatini, na namshukuru Mungu sasa ananyonya vizuri.

Jambo linaloniuma ni kwamba jirani hakusema uongo. Karafuu inaua fangasi. Mimi ni mtu wa maabara na nimeiona kwa macho yangu. Tulipokuwa chuo tulipaka fangasi wa Kandida, huyuhuyu wa utando mweupe mdomoni, kwenye sahani ya agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, katikati tukaweka kiduara cha karatasi, saizi ya kile kinachodondoka ukitoboa karatasi za faili, tukakilowesha mafuta ya karafuu. Baada ya siku moja sahani yote ilikuwa imejaa utando wa rangi ya krimu unaonuka kama unga wa maandazi ulioumuka, ila kuzunguka kile kiduara palikuwa peupe kabisa, duara safi kama mtu kafyeka. Hakuna kilichoota. Lakini kuna kitu kingine nilikiona siku ile ambacho mwalimu hakukitilia maanani: pale tone la mafuta lilipodondokea kwenye mfuniko wa plastiki, plastiki ilikuwa imepauka na kulainika. Nikigusa kwa kucha inabonyea.

Hiyo plastiki ndiyo sababu ya uzi huu. Tukiulizana "dawa hii inaua fangasi?" tunauliza swali dogo. Maji ya moto nayo yanaua fangasi. La kuuliza ni: inamshika wapi, na hapo inapomshika, mimi na mtoto wangu hatuna?

Ngoja nichochee moto, nakuja na sehemu ya pili.

Mpimaji wa Uyole

Naendelea.

Ndugu zangu wa Iringa na Njombe mnaujua ulanzi, pombe ya mianzi. Mgema akiushusha asubuhi ni mtamu kama maji ya sukari, ukilala unakuwa mkali. Anayeufanya mkali ni hamira, chembe hai ya duara isiyoonekana kwa macho. Kandida ni wa ukoo huohuo. Upana wake ni kama mikroni 5, yaani ukiwapanga 200 kwenye mstari ndipo unapata milimita moja. Wengi wetu tunaye mdomoni, tumboni, na akina mama ukeni, na siku zote anakaa kimya kwa sababu bakteria wazuri na kinga ya mwili wanambana. Ukimeza antibayotiki ovyo, ukiwa na kisukari kisichodhibitiwa, ukiwa mjamzito, au kinga ikishuka kwa VVU, anapata nafasi.

Akipata nafasi anabadilika umbo. Hili nalifanya kazini mara kwa mara na bado linanishangaza. Unamchukua Kandida wa duara, unamweka kwenye majimaji ya damu, unamwacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa mbili au tatu. Ukirudi kwenye hadubini unakuta ameota mkia, mrija mwembamba ulionyooka bila kubinywa pale unapoanzia. Kwa mkia huo ndipo tunamtambua Candida albicans na kumtenga na wengi wa ndugu zake. Mwilini mkia huo unarefuka ukawa uzi unaopenya kwenye ngozi laini ya mdomo au uke. Na mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba nyuzi hizo hutoa sumu yake maalumu inayotoboa seli zetu, wakaiita kandidalisini. Ndiyo maana pana wekundu, muwasho na maumivu.

Sasa kwa nini ni vigumu kumuua? Bakteria ni mgeni kabisa kwetu, kajengwa tofauti, kwa hiyo kumpiga bila kujipiga ni rahisi zaidi. Fangasi yuko karibu na sisi kuliko tunavyodhani. Seli yake ina kiini kama yetu na inatengeneza protini kwa namna inayofanana na yetu. Tofauti zipo chache, na dawa nzuri zote za hospitali zimelenga humo. Kubwa ni mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli: sisi tuna kolesteroli, yeye ana ergosteroli. Flukonazoli inamzuia kutengeneza ergosteroli. Nistatini inaing'ang'ania ergosteroli yenyewe na kutoboa utando. Hiyo nistatini waliigundua akina mama wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, wakaitangaza mwaka 1950, na waliitoa kwa kijidudu cha kwenye udongo. Tofauti nyingine ni ukuta wa nje: fangasi anao, sisi hatuna.

Turudi kwenye karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta yake, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, ni kitu kinaitwa eujenoli. Eujenoli inapenda mafuta. Inajipenyeza kwenye utando wa Kandida, inaulegeza, vilivyomo ndani vinavuja, seli inakufa. Lakini haiulizi kama mafuta hayo ni ergosteroli au kolesteroli. Inaingia popote penye mafuta, hata kwenye plastiki. Ulimi wa mtoto ni mafuta na maji. Mnaona sasa.

Madaktari wa meno wanaitumia, ndiyo, wanaichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Kiasi kinajulikana, mahali panajulikana, na mgonjwa si kichanga.

mama wawili

Pole sana kwa mtoto mkuu, mimi mwenyewe nimesisimka. Naomba kuuliza bila aibu maana humu hatujuani. Nina fangasi za ukeni zinanirudia kila baada ya mwezi, huu ni mwezi wa nne. Kuna dada tunasali naye aliniambia nimenye kitunguu saumu punje moja, nikiweke usiku, asubuhi nitoe. Nimefanya mara mbili. Kinawaka moto, lakini nikasema labda ndiyo kinafanya kazi. Niendelee?

Mpimaji wa Uyole

Dada yangu, usiendelee, na asante kwa kuuliza.

Kitunguu saumu kizima hakina dawa ndani yake. Kina vitu viwili vilivyotengwa vyumba, kimoja kinaitwa aliini na kingine ni kimeng'enya, yaani protini inayobadilisha kitu kimoja kuwa kingine. Ukikiponda, kukikata au hata kukikwaruza wakati wa kukimenya, kuta zinavunjika, vinakutana, na ndani ya sekunde chache inazaliwa alisini, hiyo yenye harufu kali. Ilitambuliwa mwaka 1944. Alisini inavishika vimeng'enya vya fangasi kwenye sehemu zenye salfa na kuvilemaza, kama mtu anayetia gundi kwenye tundu la kufuli. Kwenye sahani inafanya kazi vizuri sana. Tatizo ni kwamba na vimeng'enya vyetu vina salfa hiyohiyo. Huo moto unaousikia ni ngozi yako inaungua. Wapo watu waliopata malengelenge kwa kufunga kitunguu saumu mguuni tu, achilia mbali huko.

Kukila nacho, ukikipika kimeng'enya kinakufa. Ukikila kibichi, asidi ya tumbo inakisumbua, na kinachobaki hakifiki ukeni kwa kiasi cha kutosha. Melbourne, Australia, walijaribu: wanawake 63, wengine walipewa vidonge vya kitunguu saumu na wengine vidonge visivyo na kitu, kwa wiki mbili. Matokeo yalitoka mwaka 2014 na hawakuona tofauti ya maana katika kiasi cha Kandida.

Lakini kuna kubwa zaidi. Umeshapimwa? Nauliza hivyo kwa sababu kila siku naletewa sampuli zilizoandikwa fangasi, nikiangalia hakuna fangasi. Uchafu wa rangi ya kijivu wenye harufu ya samaki mara nyingi ni bakteria. Wa kijani au njano wenye povu unaweza kuwa trikomonasi, na huo unaambukizwa kwa ngono, hivyo na baba anatibiwa. Fangasi kwa kawaida ni mweupe mzito kama maziwa mgando, unawasha, na harufu haina. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: tone la uchafu, tone la dawa ya kuyeyusha seli, unaangalia. Omba na sukari ipimwe. Fangasi inayorudi kila mwezi inatakiwa ichunguzwe mpaka sababu ijulikane.

Kamwene Mufindi

Kamwene wote. Mimi huku kwetu tuna chai mashamba kwa mashamba na mchaichai umepandwa kila nyumba. Bibi yangu alikuwa akiona watu wana vidonda vya kinywa anachemsha mchaichai wanasukutua, na wengine anawakamulia limau. Mkuu, na hii nayo utasema ni bure?

Mpimaji wa Uyole

Kamwene ndugu yangu. La, siwezi kusema ni bure, na kwa bibi yako navua kofia.

Harufu ya mchaichai inatokana na sitrali, na sitrali nayo inavuruga utando wa Kandida. Na hapa kuna watu waliofanya jaribio kwa wagonjwa halisi, siyo kwenye sahani tu. Afrika Kusini, mwaka 2009, walichapisha matokeo ya wagonjwa 90 wenye VVU na fangasi za mdomoni. Theluthi walipewa GV, ile dawa ya zambarau tunayoijua wote, theluthi maji ya limau, theluthi mchaichai. Limau na mchaichai havikushindwa na GV, na limau lilionekana kufanya vizuri zaidi. Ni jaribio dogo, na GV si dawa kali kuliko zote, lakini ni ushahidi wa watu, na nauheshimu.

Angalia tofauti ya bibi yako na jirani wa Kiwira. Bibi alichemsha majani, sitrali kidogo ikaingia kwenye maji mengi, mtu akasukutua akatema. Jirani alitoa mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye rundo la karafuu, akayaweka ulimini bila kupunguzwa. Ni mmea na mmea, lakini kipimo kimepishana kama kijito na Maporomoko ya Kalambo.

Chai ya Mufindi na Tukuyu nayo ina katekini, kemikali za asili za majani ya chai, ambazo zimeonyesha kuzuia Kandida maabara, hasa chai ya kijani, kwa sababu chai nyeusi ikisindikwa sehemu kubwa ya katekini inageuka vitu vingine. Ila kikombe cha chai yenye vijiko vitatu vya sukari si dawa ya kinywa.

Kuna kitu kingine nakipenda katika haya mambo ya kipimo. Dozi ndogo isiyoweza kumuua fangasi inaweza kumzuia asiote ule mkia. Mwaka 2001 iligundulika kwamba Kandida mwenyewe anatoa kitu kinaitwa fanesoli. Wakiwa wengi wamebanana, fanesoli inajaa, na inawaambia: msiote mikia. Fanesoli hiyohiyo ipo kwenye mafuta ya mimea mingi yenye harufu. Na vitu vingine vya mimea, eujenoli ikiwemo, vimeonyesha kupunguza mikia katika dozi za chini. Fangasi asiye na mkia bado yuko hai lakini hapenyi. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuchimba: usimchome moto, mnyime silaha.

Mzee wa Chunya

Vijana nawasoma. Sisi huku tunatumia mizizi ya mlama na miti ya jamii hiyo tangu enzi za babu zetu, kwa kidonda, kwa kuhara, na kwa hayo mnayoyaita fangasi. Msije mkasema mpaka Mzungu athibitishe.

Halafu nina kijana wangu, anatumia dawa za VVU ila alikuwa ameziacha kama miezi minane, kaanza tena juzi. Kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa, haachi kukishika, mwanga hautaki, jana katapika. Mganga kasema ni fangasi za kichwani, anampa mizizi. Maoni yenu.

Mpimaji wa Uyole

Shikamoo mzee. Naomba la mlama lisubiri. Kijana apelekwe hospitali leo usiku huu, asisubiri kuche.

Maumivu ya kichwa ya wiki mbili, kutapika, kuogopa mwanga, kwa mtu mwenye VVU aliyeacha dawa: inawezekana kabisa ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi anaitwa Kriptokokasi. Huyu naye ni wa ukoo wa hamira, anapatikana hasa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, anavutwa na pumzi, anaingia mapafuni, kisha kwenye ubongo. Ana koti nene la sukari linalomficha dhidi ya kinga. Zamani, na hata leo penye uhaba, tunachukua maji ya uti wa mgongo tunachanganya na wino mweusi: uwanja wote unakuwa mweusi, na yeye anaonekana kama mwezi, kiduara chenye ukingo mpana mweupe kukizunguka. Ni picha nzuri kuitazama na ni habari mbaya kuiandika. Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha damu, kinatoa jibu ndani ya dakika chache. Mwambieni daktari kwamba alianza tena dawa juzi, hilo ni muhimu mno.

Hakuna mzizi utakaofika pale. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na vitu vingi vya mimea havikivuki kwa kiasi kinachotosha. Dawa zipo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi moja kubwa ya amfoterisini ile iliyofungwa kwenye mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Bila tiba huyu fangasi anaua. Mwaka huohuo shirika hilo lilimweka kundi la juu kabisa la fangasi hatari, pamoja na Candida albicans na Candida auris.

Mzee, tafadhali andika ukishafika.

Mfamasia wa Mwanjelwa

Mzee wa Chunya, nakazia: ondokeni sasa. Kama usafiri ni shida semeni hapa.

Wakati tunasubiri, niongeze kwenye hoja ya mkuu. Dukani kwangu naona watu wananunua vidonge viwili vya flukonazoli kila wakiwashwa. Fangasi wanajifunza. Kandida sugu anajenga pampu kwenye utando wake, dawa ikiingia anaitapika nje. Na kuna aina kama Candida krusei ambaye flukonazoli haimwezi tangu kuzaliwa. Utafiti wa mimea ninaoufuatilia kwa hamu ni ule wa kuchanganya: eujenoli, timoli ya mimea jamii ya zaatari, berberini ya mizizi ya miti ya njano, vinapewa pamoja na flukonazoli. Maabara imeonekana mara nyingi kwamba dozi ndogo ya vyote viwili inafanya kazi kuliko kila kimoja peke yake. Kimoja kinalegeza utando au kinazibana zile pampu, kingine kinabaki ndani kikamaliza kazi. Msijaribu nyumbani, maana mimea mingine inabadilisha jinsi ini linavyosaga dawa.

Mzee wa Chunya

Tumepata gari la jirani. Tuko njiani kushuka Mbeya.

Mpimaji wa Uyole

Asante mzee. Mungu awatangulie kwenye ile miteremko.

Nikujibu la mlama ili usidhani nimelikwepa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Helsinki wakishirikiana na Watanzania walichapisha matokeo ya miti ya jamii ya mlama na ndugu zake waliyoikusanya mkoani kwetu Mbeya, wakiwauliza wenyeji wanaitumiaje, kisha wakaipima. Baadhi ya dondoo za mizizi na magome zilizuia fangasi wa jamii ya Kandida. Kwa hiyo babu zetu walikuwa wameona kitu. Miti hiyo ina tanini nyingi, zile zinazokausha ulimi ukitafuna gome. Tanini zinashikana na protini, kwa hiyo zinafanya kazi pale zinapogusa: juu ya ngozi, juu ya kidonda, utumbo wa juu. Kuvuka utumbo zikaingia kwenye damu ni shida, maana molekuli zake ni kubwa. Babu alipaka kwenye kidonda, na alikuwa sahihi. Aliyempa kijana anywe kwa ajili ya kichwa ameuhamisha mti kutoka mahali pake.

mama wawili

Mkuu nimerudi. Nilienda juzi. Kwenye hadubini hawakuona fangasi hata mmoja, ni bakteria, nimepewa metronidazoli. Yule aliyenipima aliniambia ndani kuna michubuko, nikamwambia ukweli wa kitunguu saumu, hakunigombeza. Miezi minne nimejipaka klotrimazoli, dawa ya fangasi, kumbe natibu kitu kisichokuwepo.

Mpimaji wa Uyole

Pole dada, na asante kwa kurudi kutuambia. Maliza dozi yote, pombe weka kando mpaka umalize, na usijisafishe ndani kwa kitu chochote, hata maji ya limau. Michubuko itapona yenyewe.

Mzee wa Chunya

Kijana amelazwa. Wamechukua maji ya mgongo, kipimo kimesema ni huyohuyo uliyemtaja. Dawa ya dripu ameanza saa tisa usiku. Asubuhi hii ameomba uji.